Profesa Abdus Salam: Mwanachuoni wa Atomu Aliyewafungulia Wengine Mlango

Anayetoka katikati ya jiji la Nairobi kuelekea Westlands, akishaipita Museum Hill, hufika eneo lenye miti mingi liitwalo Chiromo. Hapo ndipo lilipo tawi la Chuo Kikuu cha Nairobi linalofundisha sayansi, na humo imo Idara ya Fizikia. Wengi wetu tunaofika Nairobi kutoka Pwani kwa shughuli za biashara, au kumtazama mgonjwa, hupita njia hiyo bila ya kuwa na habari na yanayofanyika ndani ya majengo yale. Humo vijana wetu husoma habari za atomu, za elektroni na za nuru ya leza. Na katika historia ya elimu hiyo kuingia katika nchi zetu limo jina la mtu ambaye hakuwa Mwafrika wala hakuwa Mzungu. Huyo ni marehemu Profesa Abdus Salam wa Pakistan, aliyefikia kilele cha fizikia ya dunia, kisha akatumia nusu ya umri wake kuwatengenezea njia wale waliozaliwa mbali na vyuo vikubwa.

Makala hii inaeleza maisha yake, na inaeleza pia, kwa lugha ya kawaida, ni jambo gani hasa alilolivumbua. Maana mara nyingi tunasikia kwamba fulani ni mtaalamu mkubwa, tunampa sifa, lakini hatuulizi utaalamu wake ulikuwa wa nini.

MTOTO WA JHANG

Abdus Salam alizaliwa tarehe 29 Januari 1926 katika jimbo la Punjab, wakati Bara Hindi lote lilipokuwa chini ya Waingereza. Alilelewa katika mji mdogo wa Jhang. Baba yake, Chaudhry Muhammad Hussain, alikuwa mfanyakazi wa idara ya elimu, mtu wa kipato cha wastani lakini mwenye kuipenda elimu kuliko mali. Nyumba yao haikuwa ya kifahari. Watoto walikuwa wengi, na taa ya kusomea ilikuwa ya mafuta.

Mwaka 1940, akiwa na umri wa miaka 14, alifanya mtihani wa kumaliza masomo ya sekondari wa Chuo Kikuu cha Punjab, akapata alama ambazo hakuna mwanafunzi aliyewahi kuzipata kabla yake. Habari zilipofika Jhang, watu walitoka madukani mwao na kusimama kandokando ya njia kumlaki, naye akapita kati yao juu ya baiskeli yake. Alikwenda kusoma katika Government College ya mjini Lahore, na kabla hajatimiza miaka 18 alikwisha chapisha makala yake ya kwanza ya hisabati, juu ya swali lililoachwa na bingwa wa Kihindi, Ramanujan. Mwaka 1946 alipata shahada ya pili.

Hapo majaaliwa yakaingia kati. Wakati wa Vita Kuu ya Pili zilichangishwa fedha huko Punjab kusaidia vita. Vita vilipokwisha fedha zilikuwa zimebaki, na ikaamuliwa sehemu yake itumike kuwasomesha ng'ambo watoto wa wakulima wadogo. Salam alipata nafasi moja, na Septemba 1946 akapanda meli kwenda Uingereza, katika chuo cha St John's, Cambridge. Mwaka uliofuata Bara Hindi liligawanyika, mambo yakavurugika, na mpango ule ukafa. Lau angechelewa mwaka mmoja tu, huenda angekuwa karani katika ofisi ya serikali, na dunia isingepata kumjua.

Cambridge hakupoteza wakati. Kufikia mwaka 1949 alikuwa amefaulu kwa daraja la kwanza katika hisabati na katika fizikia, na utafiti wake wa udaktari, uliohusu jinsi chembe ndogo zinavyoathiriana, ukampa jina huko Ulaya na Marekani akiwa bado kijana wa miaka 25.

UPWEKE WA LAHORE

Mwaka 1951 Salam alifanya lile ambalo wazee wetu humtarajia kijana aliyepelekwa kusoma alifanye. Alirudi kwao. Alipewa kazi ya uprofesa wa hisabati huko Lahore, akiwa na nia ya kuanzisha shule ya utafiti katika taifa lililokuwa na umri wa miaka minne tu.

Mambo hayakuwa kama alivyotazamia. Maktaba haikuwa na majarida mapya. Hapakuwa na mtu wa kuzungumza naye juu ya kazi yake, wala fedha za kwenda kwenye mikutano. Mkuu wake alimwambia asahau habari za utafiti, akamtaka achague kazi ya ziada miongoni mwa kadhaa, mojawapo ikiwa ni kusimamia timu ya kandanda ya chuo. Salam akachagua kandanda.

Ni vizuri msomaji aelewe uzito wa jambo hili. Fundi wa kuchonga milango akikaa peke yake kisiwani, bado mbao na patasi atakuwa nazo. Mtaalamu wa fizikia ya nadharia kazi yake hukua kwa mazungumzo. Asiposikia wenzake wamefikia wapi, baada ya miaka miwili au mitatu hujikuta anafanya kazi iliyokwisha fanywa na wengine. Huo ndio upweke uliomkuta Salam. Juu ya hayo, mwaka 1953 zilizuka ghasia za kidini mjini Lahore dhidi ya jumuiya ya Ahmadiyya, ambayo yeye na wazazi wake walikuwa ndani yake. Mwaka 1954 alirejea Cambridge kufundisha, na mwaka 1957 akawa profesa katika Imperial College, London. Miaka miwili baadaye, akiwa na umri wa miaka 33, alichaguliwa kuingia katika Royal Society, jumuiya ya wanasayansi wakubwa wa Uingereza.

Kwa macho ya watu alikuwa amefanikiwa. Lakini moyoni lilimbakia donda. Alilazimishwa kuchagua kati ya elimu yake na nchi yake, na aliona kwamba si haki mtu yeyote kuwekwa katika njia panda ya namna hiyo. Donda hilo ndilo lililozaa kazi yake kubwa ya pili, tutakayoieleza mbele.

NYUMBA YA ELEKTRONI

Sasa tueleze kazi yake ya kwanza, nayo ni elimu ya chembe ndogo. Kila kitu tunachokigusa, jiwe, maji, nyama na chumvi, kimejengwa kwa atomu. Atomu ni ndogo mno. Ukipanga atomu kama milioni kumi katika mstari mmoja, urefu wake ni kiasi cha milimita moja. Katikati ya atomu kipo kiini kizito, na kukizunguka kiini zipo chembe nyepesi ziitwazo elektroni.

Mwaka 1913 Niels Bohr wa Denmark alionyesha kwamba elektroni haikai popote inapotaka. Mfano wake ni nyumba ya ghorofa kama zile za Lamu. Mtu anaweza kukaa ghorofa ya chini, ya pili au ya tatu, lakini hawezi kukaa hewani kati ya ghorofa mbili. Elektroni nayo ina hali zake maalumu. Ikipewa nguvu hupanda hali ya juu, na ikishuka huitoa nguvu ile kwa njia ya nuru. Kwa kuwa umbali kati ya ghorofa na ghorofa haubadiliki, nuru inayotoka huwa na rangi ile ile siku zote. Na kwa kuwa nyumba ya chuma si sawa na nyumba ya shaba, kila aina ya atomu ina rangi zake, kama vile kila ukoo ulivyo na sura yake.

Mwaka 1917 Albert Einstein akaongeza jambo. Alisema kwamba ikiwa elektroni iko ghorofa ya juu, na nuru ya rangi inayolingana nayo ikapita karibu, nuru hiyo huihimiza elektroni ishuke na kutoa nuru nyingine iliyo pacha wake: rangi moja, mwendo mmoja, upande mmoja. Nuru ya taa ya kawaida ni kama watu sokoni, kila mmoja na njia yake. Nuru hii mpya ni kama safu za msikitini, ambapo mamia ya watu hurukuu na kusujudu kwa pamoja nyuma ya imamu mmoja. Ilichukua zaidi ya miaka 40 kabla ya mtu kuitengeneza. Mei 1960 Theodore Maiman wa Marekani aliwasha leza ya kwanza kwa kutumia kipande cha johari ya yakuti. Leza hii itarudi katika habari za Salam, tena mahali ambapo jina lake lote lilikuwa hatarini.

KUTAFUTA UMOJA

Elektroni hushikwa na kiini kwa nguvu ya umeme na sumaku. Hapo kale watu walidhani umeme ni kitu kimoja na sumaku ni kitu kingine. Katika karne ya 19 James Clerk Maxwell alionyesha kwamba ni nguvu moja yenye nyuso mbili, na kwamba nuru yenyewe ni wimbi la nguvu hiyo. Lakini ipo pia nguvu nyingine ndani ya kiini iitwayo nguvu dhaifu. Udhaifu wake usitudanganye. Bila ya nguvu hiyo jua lisingewaka kama liwakavyo. Tofauti yake ni kwamba haifiki mbali. Inafanya kazi katika nafasi iliyo ndogo sana kuliko hata kiini cha atomu.

Mwaka 1956 ilizuka shaka kwamba nguvu dhaifu inabagua kati ya kulia na kushoto. Tukitazama tendo la umeme katika kioo, tendo lile la kiooni nalo linawezekana duniani. Je, nguvu dhaifu nayo iko hivyo? Wachina wawili waliokuwa Marekani, Lee na Yang, waliuliza swali hilo. Salam alimsikia Yang mkutanoni huko Seattle, na usiku ule ndani ya ndege ya kurudi Uingereza, kati ya vilio vya watoto wa askari, alipata wazo zuri juu ya chembe iitwayo nyutrino lililoeleza jambo lile. Alilipeleka kwa wakubwa. Wolfgang Pauli, aliyekuwa akiogopwa na wanafizikia wote kwa ukali wa ulimi wake, alimtumia ujumbe wa kumvunja moyo. Salam akasitasita. Mapema mwaka 1957 jaribio la Bibi Wu huko Marekani likathibitisha kwamba nguvu dhaifu kweli inabagua, na mwaka huo Lee na Yang wakapewa Zawadi ya Nobel. Salam alijifunza somo gumu: heshima kwa wakubwa ni wajibu, lakini mtu asiiache hoja yake ifie mkononi kwa kuogopa jina la mtu.

Aliendelea. Akiwa na wazo kwamba nguvu ya umeme na nguvu dhaifu asili yao ni moja, alifanya kazi kwa miaka mingi. Sheldon Glashow alitoa sehemu ya wazo hilo mwaka 1961. Steven Weinberg alichapisha nadharia kamili mwaka 1967, na Salam, bila ya kumtegemea Weinberg, akaifikia nadharia ile ile na kuitoa mwaka 1968. Yeye mwenyewe alieleza mara nyingi kwamba mapenzi yake ya kutafuta umoja nyuma ya mambo yanayoonekana mbalimbali yalitokana na imani aliyolelewa nayo, ya Mola mmoja aliyeumba kila kitu kwa mpango. Si kwamba dini ilimpa hesabu zake. Hesabu alizitoa jasho kama mwanafizikia yeyote. Bali imani ilimpa subira ya kuamini kwamba umoja upo, aendelee kuutafuta.

LEZA YATOA USHAHIDI

Nadharia, hata ikipendeza vipi, hungoja ushahidi. Ushahidi wa kwanza ulikuja mwaka 1973 kutoka CERN, kituo cha utafiti kilicho karibu na Geneva. Lakini palibaki jambo moja. Kama nguvu mbili hizi ni ndugu, basi elektroni inayozunguka kiini lazima ihisi, mbali na umeme, mguso mdogo wa nguvu dhaifu. Na kwa kuwa nguvu dhaifu inabagua kulia na kushoto, basi atomu yenyewe lazima iwe na ubaguzi huo, ijapokuwa kwa kiasi kidogo mno.

Hapo ndipo leza ilipohitajika. Watafiti walichukua mvuke wa madini mazito yaitwayo bismathi, wakapitisha ndani yake nuru ya leza ya rangi inayolingana barabara na hatua ya elektroni kutoka ghorofa moja hadi nyingine. Nadharia ilisema kwamba mtetemo wa nuru hiyo utageuka kidogo kuelekea upande mmoja. Ili kuelewa udogo wake, tuseme mtu amesimama Mombasa na kuelekeza mstari ulionyooka mpaka Nairobi. Akiugeuza kwa kiasi kile, kule Nairobi ncha ya mstari itasogea kwa upana wa vidole viwili au vitatu tu.

Mwaka 1976 na 1977 wataalamu wa Oxford na wa Seattle walitoa taarifa kwamba hawakuona nuru ikigeuka kama ilivyotarajiwa. Ilikuwa habari nzito. Watu walianza kuitilia shaka nadharia nzima, na wengine wakatoa nadharia nyingine za kuiondoa. Kisha mwaka 1978 Barkov na Zolotorev, huko Novosibirsk katika Urusi ya Kisovieti, wakatangaza kwamba wao wameiona nuru ikigeuka. Mwaka huo huo jaribio kubwa la elektroni huko Stanford, Marekani, likaondoa shaka. Nguvu dhaifu ilikuwepo pale pale ilipotakiwa kuwa. Majaribio ya baadaye ya leza, ya Oxford na Seattle yakiwemo, nayo yakakubaliana na hayo.

Tarehe 10 Desemba 1979 Salam, Weinberg na Glashow walipokea kwa pamoja Zawadi ya Nobel ya fizikia mjini Stockholm. Kati ya wageni waliovaa suti nyeusi za Kizungu, Salam alisimama mbele ya mfalme wa Sweden akiwa amevaa kilemba cheupe, sherwani, na viatu vyenye ncha zilizopinda, vazi la heshima la kwao. Katika hotuba yake ya karamu alisoma aya za Surat al-Mulk, zinazomtaka mtu alitazame umbile la mbingu tena na tena kama ataona kasoro. Alikuwa Mpakistani wa kwanza kupata zawadi hiyo. Mwaka 1983 CERN wakaziona zile chembe zenyewe ambazo nadharia ilizitabiri.

BANDARI YA TRIESTE

Turudi nyuma kidogo, kwenye donda la Lahore. Mwaka 1960, akiwa mjumbe wa Pakistan katika mkutano wa Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki mjini Vienna, Salam alipendekeza kianzishwe kituo cha kimataifa cha fizikia ya nadharia kwa ajili ya wanasayansi wa nchi maskini. Baadhi ya mataifa makubwa hayakulifurahia jambo hilo, yakiona kwamba nchi maskini zina haja ya mkate kabla ya nadharia. Salam hakuchoka. Kwa msaada wa Profesa Paolo Budinich wa Italia, na kwa ukarimu wa serikali ya Italia, Kituo kilifunguliwa mwaka 1964 katika mji wa Trieste. Nao ni mji wa bandari kama Mombasa, uliozoea wageni wa kila lugha. Salam alikiongoza kwa karibu miaka 30, hadi mwaka 1993.

Mpango wake ulikuwa rahisi. Mtaalamu wa nchi maskini asilazimishwe kuhama kwao. Abaki akifundisha Nairobi, Dar es Salaam, Kampala au Khartoum, lakini mara kadhaa katika muda wa miaka michache aende Trieste kwa wiki sita au miezi mitatu. Huko atasoma majarida mapya, atakutana na mabingwa, kisha atarudi nyumbani na mzigo wa elimu, kama jahazi lirudivyo na kusi likiwa limejaa. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Kituo kilianza kutoa masomo ya wiki kadhaa kila baada ya muda juu ya leza na fizikia ya atomu, na walimu wa vyuo vyetu wakawa miongoni mwa wanafunzi.

Nairobi ilipata fungu jingine. Kule Chiromo, mwaka 1970, Profesa Thomas Odhiambo alianzisha kituo cha utafiti wa wadudu, ICIPE, akiwa na shauku ile ile kwamba sayansi kubwa inaweza kufanywa Afrika na Waafrika. Yeye na Salam wakawa washirika. Mwaka 1983 Salam aliongoza kuundwa kwa Akademia ya Sayansi ya Ulimwengu wa Tatu huko Trieste, na Odhiambo alikuwa katika waasisi. Mwaka 1985, katika mji ule ule wa Trieste, wanasayansi wa Kiafrika wakaunda Akademia ya Sayansi ya Afrika. Odhiambo akawa rais wake wa kwanza, na makao yake yakawekwa Nairobi.

Matunda ya njia hiyo yanaonekana. Leo miongoni mwa utafiti wa Chiromo ni kupima udongo na vitu vingine kwa leza. Nuru ya leza hupiga kipande kidogo hata kikawaka, elektroni zake zikapanda na kushuka, na rangi zinazotoka zikaeleza ni atomu gani zilizomo. Na kwetu Pwani, tangu mwaka 2009, nyaya za baharini zinazotua Mombasa hupokea nuru ya leza iliyopita chini ya maji, ikibeba sauti na maandishi hadi kwenye ofisi za Westlands. Mgonjwa wa sukari aliyeokolewa macho kwa leza hospitalini naye anakula tunda la mti ule ule.

MAISHA YENYE MAJONZI

Salam hakuiacha nchi yake hata alipokuwa ng'ambo. Tangu mwaka 1961 alikuwa mshauri mkuu wa sayansi wa rais wa Pakistan, akasaidia kupeleka vijana wengi kusoma. Lakini Septemba 1974 bunge la Pakistan lilibadili katiba na kuwahesabu wafuasi wa Ahmadiyya kuwa si Waislamu. Salam alijiuzulu ushauri wake, ingawa hakuuacha uraia wake mpaka kufa, japo nchi nyingine zilikuwa tayari kumpa uraia.

Wasomaji wetu wa Pwani wanaifahamu jumuiya hiyo na hitilafu zake na Waislamu walio wengi. Baada ya Ahmadiyya kuchapisha tafsiri yao ya Qurani kwa Kiswahili mjini Nairobi mwaka 1953, Sheikh Abdullah Saleh Farsy alitoa yake mwaka 1969 na humo akawajibu. Masuala ya itikadi yana wanazuoni wake, na ukurasa huu si mahali pa kuyahukumu. Tunachosimulia ni maisha ya mtu, na katika maisha hayo jambo hili lilimwumiza sana. Alipoalikwa na kusherehekewa ulimwenguni, kwao vyuo vingi viliona tabu hata kumpa jukwaa.

Fedha zake za zawadi hakujijengea kasri. Alizielekeza katika kuwasaidia vijana wasome. Katika hotuba zake kwa nchi za Kiislamu hakuchoka kuwakumbusha habari za Ibn al-Haytham wa Basra, aliyezaliwa karibu na mwaka 965 na kufafanua kwa majaribio jinsi nuru inavyoingia jichoni, na za al-Biruni, bingwa wa nyota na hesabu. Hakuwataja ili watu wajisifu kwa mababu. Aliwataja ili awaulize wenye mafuta na mali wanatenga kiasi gani kwa utafiti. Jibu mara nyingi lilimhuzunisha.

Katika miaka yake ya mwisho alishikwa na maradhi ya ubongo yaliyomwondolea polepole uwezo wa kutembea na kusema, naye akili yake ikiwa timamu. Alifariki dunia Oxford tarehe 21 Novemba 1996, na mwili wake ukarudishwa Pakistan, akazikwa Rabwah kando ya wazazi wake. Jiwe la kaburi liliandikwa kwamba alikuwa Muislamu wa kwanza kupata Nobel kwa kazi ya fizikia. Baadaye, kwa amri ya wakuu wa serikali wa huko, neno Muislamu likafutwa, na jiwe likabaki na pengo katikati ya maneno. Mwaka 1997 Kituo cha Trieste kilipewa jina lake. Pakistan nayo ilitoa stempu yenye picha yake mwaka 1998.

Hayo ndiyo maisha ya Abdus Salam kwa ufupi. Kuna la kuzingatia kwetu tunaopeleka watoto Nairobi na ng'ambo kusoma. Mara nyingi tunamlaumu kijana asiporudi, tukisema amesahau kwao, wala hatuulizi akirudi atakuta nini: atakuta kitabu, atakuta mwenzake wa kushauriana naye, au atapewa timu ya kandanda aisimamie. Salam alirudi akakuta mlango umefungwa. Wengine wangeishia kulalamika. Yeye alikwenda akajenga nyumba nyingine yenye mlango wazi, wakaingia watu wa mataifa na dini mbalimbali, na baadhi yao ndio waliorudi kufundisha wanetu pale Chiromo. Elimu ni amana, na amana hufikishwa kwa wenyewe.